Kisiwa Nilichokukatalia

Mama,

Melita ipo. Nimefika. Nimeikanyaga kwa viatu vyangu vya kazini, vile vyeupe ulivyosema vinanifanya nionekane muuza maziwa, na nimekaa siku tano bila kujua kwamba ndipo nilipo. Ningekupigia simu usiku uleule, lakini nani angepokea? Kwa hiyo nakuandikia.

Ngoja nianzie mwanzo, maana hukupenda habari iliyokatwa kichwa.

Unamkumbuka Bibi Karmena, jirani yetu hapa Fairfield, Sydney, yule mzee Mzungu wa ng'ambo ya uzio. Wewe ulimpitishia lengalenga, mchicha wetu, yeye akakupitishia malimau, na mliongea, yeye Kiingereza, wewe Kiswahili, kila mmoja kwa sauti kubwa akidhani kelele ndiyo tafsiri. Mara ngapi alijigonga kifua akakwambia, "Malta! Malta!" Nawe ukaitikia "Ee, Malta," ukaingia ndani ukanieleza kuwa jirani anaitwa Malta. Mpaka unazikwa ulimwita Mama Malta. Mimi nilijua ni jina la nchi yake, nikakuacha hivyohivyo kwa sababu ilinichekesha.

Basi mdogo wake aliugua huko kwao. Watoto wa Bibi Karmena wana kazi zao, wakaniomba nimsindikize, maana kutunza wazee ndiyo kazi yangu na mimi amenizoea. Siku sita tu, kisha turudi. Tukavuka dunia, mimi na yeye na kiti cha magurudumu na mfuko wa dawa. Mdogo wake anakaa katikati ya Valletta, mji wa bandari wa zamani sana, ngome kila upande.

Ungeupenda, Mama. Mitaa mingine ni ngazi tupu, unashuka mpaka magoti yanalalamika, na huko chini unaona bahari. Madirisha yamejengewa vibanda vya mbao vinavyotokeza nje, vya kijani na vyekundu, akina mama wamekaa humo wanachungulia nani anapita na nani. Kazi yako kabisa hiyo. Siku ya kwanza nilipogonga mlango nikaambiwa "Merhba!" nikashtuka, maana nilikuwa bado sijatoa shikamoo, kumbe ndiyo karibu yao. Na Bibi Karmena akihesabu vidonge vyake na mdogo wake nikasikia "sitta, sebgha," nikadhani ulimfundisha Kiswahili pale kwenye uzio. Nilicheka peke yangu jikoni, nikageuka ili nikusimulie.

Siku ya tatu nilipewa mapumziko ya mchana nitembee. Nikaenda kwenye bustani iliyo juu ya ngome, inayotazama bandari. Watu wamejazana ukingoni, simu mkononi, nikadhani wanapiga picha meli. Saa sita kamili mzinga ukalia, hapo chini ya miguu yetu. Mama, sikujua! Nilijikuta chini ya benchi, mkoba juu ya kichwa, naita jina lako. Kumbe wanaupiga kila siku, ni wa kutangaza saa sita tu, na watalii huja kuutazama. Watu walicheka. Si kwa ubaya, mwanamke mmoja aliniinua akanifuta vumbi. Nami nikacheka, tena kwa sauti kuwashinda, ili waone kuwa hata mimi nimeliona ni jambo la kuchekesha. Nikarudi nyumbani nikapika supu.

Siku ya tano nikatoka tena, nikaingia kanisa moja kwenye mtaa mwembamba ili nipumzishe miguu. Ndani dhahabu mpaka darini, sisi walokole tungesema wamezidisha. Kulikuwa na mzee mlinzi, funguo kiunoni, akanieleza bila kuulizwa kwamba kanisa hilo ni la kukumbuka meli ya mtume iliyovunjika kwao. Akanionyesha jiwe ukutani. Kilatini sikijui, lakini neno moja nililisoma vizuri. MELITA.

Nikamwuliza hilo ni nini. Akasema ni jina lao la zamani. Malta, Melita, ni kitu kimoja. "You're standing on it, my dear," akasema, kwamba ndipo niliposimama.

Nilikaa chini, Mama. Nilikaa pale pale sakafuni.

Unajua nilichokumbuka, na najua na wewe hukukisahau. Ijumaa ile, ibada ya nyumbani kwetu, sebule imejaa watu wa kambi zote za wakimbizi, wa Nyarugusu na wa Mtabila. Ulikuwa umepata pasipoti yako ya Australia wiki ileile. Uliitoa kwenye kitambaa ukasimama ukasema sasa unaweza kusafiri, na unataka kwenda Melita. Ulijifunza kusoma kambini ukiwa na miaka hamsini na kitu, na habari hiyo ya meli ya mtume, kwenye Biblia, ndiyo uliyoisoma ukairudia mpaka kurasa zikalegea. Watu wametoka majini, wamelowa, mvua inanyesha, baridi, na wenyeji ambao hawawajui wakawasha moto. Ulisema ni kama yule mama wa Kigoma aliyetuwashia moto siku tulipoingia Tanzania, hata majina hakutuuliza. Yeye hukumpata tena umshukuru. Kwa hiyo uende Melita ukawasalimie hao wengine, basi, urudi.

Nami nikatoa simu. Mbele ya watu wote nikaandika jina, simu ikaniletea mji mdogo huko Kanada. Ukasema, "Mtume hakufika Kanada, wewe." Nikakujibu, "Labda naye aliitwa intavyuu kambini, Mama, wakampa Kanada!"

Sebule nzima iliangua kicheko. Mchungaji alifuta machozi kwa tai. Nikaona nimepatia, nikaongeza, nikasema majina hayo ni ya zamani, mahali penyewe hapapo tena, ungeomba tu tukupeleke sokoni Cabramatta ukanunue samaki. Wakacheka zaidi. Na wewe ulicheka. Ulicheka kwa sauti kuwashinda, ukaifunga pasipoti kwenye kitambaa, ukakaa.

Nilidhani ulifurahi. Miaka miwili nimedhani hivyo.

Baada ya siku ile hukusimama kusoma tena. Ukipewa zamu unasema, "Soma wewe, macho yangu yamechoka." Nami nikapanga nikupeleke kwa daktari wa macho, nikasahau, nikapanga tena. Macho yako hayakuwa na kitu. Ulikuwa unatunga uzi kwenye sindano bila miwani mpaka wiki ile ya mwisho hospitalini. Nilikuona, na sikujiuliza. Mimi ninayelipwa kuwaangalia wazee wa watu, nijue nani ameacha kula na nani ameacha kuongea.

Mchana ule kanisani nilimsalimia yule mlinzi kwa niaba yako. Nilisema mama yangu anawasalimu na anawashukuru kwa ule moto. Nilisema vibaya, Kiingereza kilinitoroka, lakini alielewa, akaweka mkono kifuani. Akauliza uko wapi. Sikuweza kusema umekufa. Nikasema uko Sydney. Si uongo. Akasema safari ijayo nije na wewe.

Ndani ya ndege nikamweleza Bibi Karmena. Akasema ungelala kwenye chumba alichozaliwa yeye, akaniuliza kwa nini sikumwambia. Uzio wenyewe haufiki kifuani, Mama. Mlisimama pale miaka, yeye anakutajia mahali unapopatafuta, wewe unampa mboga, na mtu pekee aliyejua lugha zote mbili ni mimi, niko dirishani nacheka.

Nilipofika nikamsimulia Neema. Unamjua mjukuu wako, Kiswahili anasikia chote, jibu ni la Kiingereza. Aliniangalia tu, kisha akasema, "But Mum, you told Bibi it wasn't real." Alikuwa sebuleni siku ile niliyokwambia hapapo. Nilisahau kuwa alikuwepo.

Samahani ni neno dogo, na huku tunalisema hata tukigongana na mtu sokoni. Sina jingine. Nilikuaibisha, Mama. Mbele ya watu wako, siku uliyojivunia, na kwa jambo ulilolijua wewe na mimi sikulijua. Kama ningenyamaza dakika moja tu, ungekwenda. Nguvu ulikuwa nazo.

Ijumaa hii ibada iko tena kwetu. Watakuja walewale, na Mchungaji na tai yake. Nimeomba zamu ya kusoma, na nitasoma ile habari yako, yote. Halafu nitawaeleza kuwa mahali penyewe papo, nimepaona, na mama yangu alikuwa anasema kweli. Wamezoea kwamba mimi nikisimama ni mzaha, kwa hiyo huenda wakaanza kucheka kabla sijamaliza.

Pumzika sasa, Mama. Sitakutania tena. Nakuahidi hivi: wakicheka, sitacheka nao. Nitangoja wamalize, halafu nitasema tena.

Mwanao,
Jenerose