Jina Langu Halijawahi Kutoka

Mpendwa mshauri, naomba msaada na naomba usicheke, maana jambo lenyewe lilianza na vyombo vichafu.

Mimi ni karani wa stoo ya vifaa vya ujenzi, na nikimaliza kazi hupenda kuandika programu za kompyuta, si kwa malipo, ni mapenzi tu. Ya kwanza ilikuwa ya kuwasha pampu ya tangi, maji yakafurika hadi kwa jirani, nikajifunza kwamba kuwasha bila kuzima ni nusu ya kazi. Ya pili ilikuwa ya kumkumbusha mama dawa zake, ikawa inamkumbusha kila dakika, mama akaifunika na mto. Ya tatu ndiyo iliyonifikisha kwako.

Kwa mama tunaishi ndugu wanne watu wazima, mimi, dada mkubwa ambaye ni mshonaji, kaka fundi friji, na mdogo wetu wa mwisho ambaye ni muuguzi, na kila jioni ilikuwa vita nani aoshe vyombo nani asugue choo, basi nikatengeneza programu ya kupiga kura, unabonyeza, inazungusha majina, linatoka moja, nikaiita Mwamuzi, na siku ile ile kelele zikaisha, dada akasema kompyuta haina mjomba.

Mwezi wa tatu tangu tuanze kuitumia nikawa naipamba ili jina linalotoka limeremete, ndipo nikaona kosa. Kompyuta huanza kuhesabu na sifuri, mshauri, kwa hiyo wa kwanza kwenye orodha ni sifuri, wa pili ni moja, hadi wa nne ambaye ni tatu, na mimi niliiambia ichague kuanzia moja hadi tatu, na jina la kwanza, kwa kuwa mtengenezaji ndiye mimi, ni langu. Maana yake haliwezi kutoka hata tukibonyeza mpaka kiama. Nikasema nitarekebisha Jumamosi. Jumamosi ikafika, choo kikawa kinasubiri, nikaahirisha. Sasa ni mwaka na miezi miwili.

Wenzangu wananiita Mwenye Nyota. Mdogo wetu anarudi kutoka wodini miguu imevimba, anabonyeza, linatoka jina lake, anakunja mikono ya sare anaenda kusugua choo. Siku moja nilimfutia sahani mbili, akaniombea dua. Niliumia, mshauri, kweli niliumia, lakini sikusema.

Sasa mama ameanguka akavunjika nyonga, Jumatatu anatoka hospitali, na daktari anataka mtu wa kukaa naye mchana kutwa kwa miezi sita. Dada akiacha cherehani wateja watahama, kaka huitwa huku na kule, mdogo wetu ndiyo kwanza amepata nafasi ya kwenda kusomea ukunga, nafasi aliyoiomba mara tatu, na mimi nina kazi yangu ya stoo, ingawa tangu mwaka jana naifanyia hapa hapa nyumbani, kwenye kompyuta. Mama akasema pale kitandani, "Msigombane. Iachieni mashine ya mwanangu, ile haimwonei mtu." Wote wakakubali. Kura ni Jumapili. Nafikiria kurekebisha kosa kimya kimya Jumamosi, kura iwe ya haki, na ya nyuma yabaki nyuma. Je, nitakuwa nimekosea?

Mwenye Nyota

JIBU

Mwenye Nyota, pole kwa mama. Pole hiyo ni yake, usijigawie.

Mimi kompyuta siijui, ila choo nakijua. Mpaka mwezi ule wa tatu lilikuwa kosa. Tangu Jumamosi ile ni uongo, na usiisingizie mashine.

Unataka kurekebisha kimya kimya. Haya, umerekebisha, Jumapili imefika, na jina la mdogo wako limetoka kwa haki kabisa. Ukunga ndiyo basi tena. Utamtazama usoni umwambie nini, kwamba safari hii ilikuwa kweli? Acha hizo, bwana.

Tena barua yako nimeisoma mara mbili. Kuna maneno umeyapitisha chapuchapu: kazi yako unaifanyia nyumbani. Wenzako watatu wakikaa na mama, kila mmoja atapoteza kitu. Wewe utasogeza meza mpaka mlangoni mwa chumba chake. Sasa kura ya nini? Mnatafuta jibu kwenye mashine, na jibu limekaa kitini linaniandikia barua.

Fanya hivi. Leo, si Jumamosi, maana Jumamosi zako tunazijua, waite ndugu zako sebuleni. Waonyeshe mstari wenye kosa na uwaambie uliuona lini, tarehe usiifiche. Watafoka. Dada mkubwa atafoka kuliko wote. Nyamaza, usimletee habari za sifuri kabla hajamaliza. Mdogo wako muombe radhi mkiwa wawili, na choo ni chako mpaka aondoke kwenda masomoni, na hata akishaondoka. Kisha nenda hospitali ukamwambie mama kwamba mashine ya mwanawe ilikuwa inawaonea watu, na uwataje ni nani. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Programu usiifute. Irekebishe, ni kazi nzuri, na vyombo havitaisha kuchafuka. Ila kwa ajili ya mama msibonyeze kitu. Umenifundisha mwenyewe kwamba kompyuta huanza kuhesabu na sifuri. Sifuri ni wewe. Anza.