Jina la Elina Lina Mwenyewe

Mama Esteria, nimesoma majibu yako gazetini tangu nikiwa chuoni na sikuwahi kufikiri kwamba siku moja nami nitakuandikia, lakini kuna sauti imening'ang'ania tangu Jumatatu na sina mwingine wa kumweleza. Ni sauti ya karatasi ikirudishwa nyuma. Walionitangulia kwenye foleni, karatasi zao zilifunuliwa kwenda mbele tu, ya kwanza, ya pili, ya tatu, mhuri, nenda. Zangu zilifika katikati, kisha ofisa akalowesha kidole na kurudisha moja, taratibu, na tangu hapo kila kinachochakarika kinanishtua.

Mimi ni muuguzi wa miaka ishirini na saba, nimejitolea kwenye zahanati miaka minne nikisubiri ajira, na mwezi huu nimepangiwa kituo. Jumatatu tuliitwa hapa Bariadi kuhakikiwa vyeti. Vyeti vyangu vyote, kuanzia kidato cha nne hadi leseni, kitambulisho cha taifa na hata cheti cha kuzaliwa, vinasema naitwa Elina Maganga. Siyo mimi. Mimi ni Sayi, binti wa Bujiku, wa Mwamapalala. Nilifeli darasa la saba, na kwa kuwa kurudia hakukuruhusiwa, baba alikwenda kwa mwalimu mkuu wa wakati ule wakanirudisha darasani kwa jina la msichana aliyekuwa ameachishwa shule ili aolewe, jina lake lilikuwa bado kwenye orodha, na mle darasani tuliokaa hivyo tulikuwa watatu na hakuna aliyeona ajabu. Nikafaulu. Tangu hapo kila cheti kimezaliwa na kilichokitangulia, na nilipotakiwa kuwa na cheti cha kuzaliwa nilikiomba kwa jina hilohilo, nikala kiapo nikiwa mtu mzima mwenye akili timamu. Hilo siwezi kumsingizia baba.

Ofisa yule ni mzee wa kwetu. Alinisalimu Kisukuma, "Mwangaluka," nikaitikia, akauliza kama tunavyoulizana siku zote, "Ng'wa nani?", yaani mtoto wa nani, na mdomo wangu ukajibu kabla sijafikiri: "Ng'wa Bujiku." Akatabasamu, akainamia karatasi, na ndipo aliporudisha ile moja nyuma.

"Hapa pameandikwa Maganga, mama."

Nikasema Bujiku ni baba mdogo, ndiye aliyenilea. Hakubisha. Akaniambia nilete barua ya mtendaji wa kijiji, Maganga akiwa amesaini kwamba mimi ni binti yake wa kumzaa, kabla ya Ijumaa saa sita mchana.

Nilikwenda nyumbani siku hiyohiyo. Baba aliniona mwoga tu, akasema Maganga amechunga naye ng'ombe tangu utotoni na atasaini bila maneno, nimpelekee mke wake sukari. "Yule alikuwa ameshaolewa," alisema, "jina ulitaka walifanyie nini?" Nikaenda. Maganga alikuwa amepeleka ng'ombe mnadani. Niliyemkuta ni Elina mwenyewe, amerudi kwao na watoto wawili, anakata viazi vya kuanika michembe. Akaniambia alikwenda kujiandikisha kwa mtihani ili asome sekondari kwa kujitegemea, akajibiwa kwamba Elina Maganga wa kijiji hicho, wa wazazi hao, amekwisha kumaliza kidato cha nne na ana diploma. Mashemeji zake wakamcheka, wakawa wanamwita sista na kumwomba awachome sindano. Alinisimulia akicheka, nami nikacheka kwa woga. Kisha akafuta kisu kwenye khanga.

"Sayi, hilo jina mimi bado nalitumia."

Nikaondoka bila kuitaja saini. Leo ni Jumatano. Nikisema ukweli nitafungwa, na baba pamoja nami, na leseni itakwenda. Nikirudi wakati Maganga yupo atasaini, nami nitakuwa Elina mpaka nife. Pikipiki ikisimama nje nadhani wamenifuata. Mama akiniita Sayi, natazama kwanza kama kuna aliyesikia. Nifanye nini?

Sayi, Bariadi

Sayi, jibu hili nilikutumia kwa simu Jumatano hiyohiyo, kwa sababu gazeti lisingeiwahi Ijumaa yako. Nalichapa kwa ruhusa yako, na majina yote nimeyabadili.

Pole. Ulikuwa mtoto, na mtoto hapangi orodha ya darasa. Lakini usijifiche nyuma ya mtoto huyo. Aliyekula kiapo ni mtu mzima, na huyo baba mdogo umemtunga juzi. Hata swali unaloniuliza limejaa jela yako na leseni yako. Elina hayumo. Soma tena mwenyewe.

Saini ya Maganga usiitafute. Ukiichukua, utamwingiza mzee yule na mtendaji wake kwenye kosa ambalo leo si lao. Na atakayekushauri ukale kiapo cha kubadili jina, usimsikilize: hati ile ni ya mtu anayeacha jina lake na kuchukua jingine, haimpi mtu jina la jirani aliye hai. Kesho asubuhi nenda kwa wasaidizi wa kisheria, hawatakutoza kitu. Waeleze yote, hata wasiyouliza, wakusaidie kuandika barua ya kukiri na kujitoa kwenye ajira hii. Ijumaa uende mwenyewe, kabla ya saa uliyopewa. Siwezi kukuahidi kwamba hutashtakiwa. Uuguzi umeusomea kwa kichwa chako, hilo nalo liandike. Uzito wake watapima wenye kupima. Baba yako mwambie kabla hajaambiwa na mwingine. Na Elina usimpelekee machozi. Mpelekee kitu kitakachomsaidia kuthibitisha kwamba yeye ndiye Elina.

Mama Esteria, nakuandikia Jumamosi. Jana msaidizi wa kisheria, dada mmoja aitwaye Lucy, alinisindikiza mpaka kwenye benchi la nje ya ofisi ya uhakiki, ndani nikaingia peke yangu. Ofisa aliisoma barua yangu mara mbili, akaifungia kwenye jalada, akaniambia nisizime simu. Baba hasemi nami. Naogopa kuliko Jumatano, sitakudanganya.

Jana hiyohiyo nilikwenda Mwamapalala na nakala ya barua, nimeisaini Sayi Bujiku na kubandika picha yangu. Elina aliisoma polepole, akauliza kama akitaka anaweza kunipeleka nayo polisi. Nikamwambia anaweza. Akaikunja, akaiweka ndani ya daftari lake.