Kumsinga Mtoto wa Plastiki

Jumamosi, 2 Agosti 1958

Mkadam kaja asubuhi kumchukua binti yetu Sichana, akakae kwake Jang'ombe wiki nzima. Kakaa kitini kama mgeni wa serikali. Kakataa chai. Chai yangu! Enzi za ndoa yetu akiinywa mpaka anakomba sukari chini.

Kasema Jumatatu ya tarehe kumi na moja twende kwa kadhi. Mtoto keshatimia miaka saba, ana akili ya kuchagua, ataulizwa anataka kukaa na nani, mama au baba. Sheria ni sheria, Mashavu, anasema. Nikamjibu: sheria naijua, na wewe nakujua zaidi.

Lakini moyo umenipasuka. Miaka saba, akili gani? Juzi kachagua kula ukwaju mbichi mpaka tumbo likamsokota, nimekesha naye.

Kamwacha mwanasesere wake kitandani. Yule aliyeletewa na baba yake na mke mpya, Mwanakheir — uzuri wa mkakasi mwanamke yule, ndani kipande cha mti. Plastiki laini, kitu cha Ulaya. Mwekundu kama kamba wa kuchemsha, nywele manjano, macho buluu. Sichana halali bila yeye. Lakini nilimsikia uwani akimuuliza: mbona hufanani na mimi, wala na mama?

Basi! Nani mpambaji wa maharusi Mkunazini nzima kama si mimi? Nitampamba huyu afanane na sisi. Sichana akirudi Jumapili amkute tayari. Hapo tutaona nani atachaguliwa.

Jumatatu, 4 Agosti 1958

Nimeanza. Bibi harusi hapakwi kitu kabla ya kusingwa, kwa hiyo nimemsinga: liwa, mawaridi, mafuta ya nazi. Nimemsugua kila pembe. Kang'aa! Ananukia kuliko Mwanakheir.

Macho ya buluu nimeyafuta kwa tapentaini. Yametoka mara moja. Sasa hana macho, na bado ananitazama. Nimemgeuzia ukutani.

Hina haikushika hata chembe, imebanduka kama tope. Nywele nimezitia piko ziwe nyeusi, tangu adhuhuri mpaka magharibi. Nimeziosha — manjano vile vile! Akili nywele, kila mtu ana zake, na za huyu ni za kikaidi.

Jumanne, 5 Agosti 1958

Nimekwenda dukani kwa Hasanali kununua rangi ya mafuta, ya kahawia, na nyeusi kidogo ya macho. Kauliza napaka mlango au kabati. Nikamwambia napaka mtoto. Kaacha kupima misumari! Nilipomweleza kacheka, kisha kasema rangi hii ya mbao na bati, ya plastiki hajui, nisije nikamrudishia lawama. Mhindi mwoga huyu. Nimempaka mara mbili. Kapendeza mno! Nimemwanika dirishani.

Jumatano, 6 Agosti 1958

Haijakauka.

Alhamisi, 7 Agosti 1958

Haijakauka! Inanata kama ulimbo. Kashika vumbi, kashika sisimizi wawili, kashika manyoya ya paka. Mtoto kaota ndevu.

Nimelia, sioni haya kusema. Sichana anarudi Jumapili na mtoto wake nshamharibu. Atakwenda kumwambia kadhi nini? Mama kaniulia mwanangu?

Bi Mwatima wa chumba cha chini kasikia kilio, kapanda juu na mkeka wake mkononi. Huyu mtu wa Makunduchi, kusuka hakumpi nafasi ya kupumua. Kanusa. Hebu, hiyo liwa yatoka wapi? Nikamwambia nilimsinga kwanza. Umemsinga plastiki? Kacheka mpaka kakaa chini, kanga huku, mkeka kule. Kasema hata vyombo vya baharini havipakwi rangi juu ya mafuta, mwanangu, sembuse mtu. Imenikata maini. Lakini ndiyo — ngozi hunywa mafuta, plastiki imeyashika tu juu.

Kesho anapika ukindu wa mkeka, autie rangi. Kasema nimkwangue mtoto, nimsugue kwa sabuni mpaka alie, tumtumbukize humo humo sufuriani. Amewahi kupika plastiki? Hajawahi. Basi tutajifunza wote.

Ijumaa, 8 Agosti 1958

Wanaume wakiwa msikitini sisi tunapika mtoto uwani. Astaghfirullah.

Kwa maji ya moto kichwa kimelainika, nikakivuta, kikatoka puu! Bi Mwatima kapiga kelele. Tumejaribu mkono mmoja kwanza. Umetoka zambarau. Zambarau! Mkono wa maiti! Tumegombana: yeye anataka nyekundu zaidi, mimi nataka manjano. Mwisho kila mmoja kamwaga yake kwa hasira, tukamtia mtoto mzima, tukasubiri, huyu kampa yule mgongo.

Katoka rangi ya halua. Halua hasa, ile nzuri! Tumekumbatiana, kichwa tukakirudisha shingoni. Ule mkono mmoja umebaki mweusi zaidi, lakini na mimi mikono yangu haifanani, wa kushoto una kovu la pasi.

Nywele nimezisuka mtindo wa twende kilioni, nikazizungushia uzi mweusi, umanjano hauonekani ila kwa mwenye kutafuta ubaya. Macho nimeyachora kwa rangi ya Hasanali, nyeusi, kwa ncha ya njiti. Kanitazama. Macho ya Sichana hasa!

Jumapili, 10 Agosti 1958

Karudi baada ya alasiri. Shikamoo mama, na moja kwa moja kitandani. Mtoto wangu yuko wapi?

Nikamtoa chini ya kanga kama bibi harusi. Nilingojea kigelegele. Sichana kasimama. Kamshika mkono mweusi, kamshika kichwa, kagusa msuko mmoja mmoja. Kisha kauliza: imemuuma?

Nikacheka. Nikasema plastiki haiumwi. Nimempamba afanane na sisi, hukumwambia mwenyewe hafanani na wewe?

Kasema, nilimuuliza tu. Wewe ulimuuliza kwanza?

Mimi, mwenye jibu la kila mtu mji huu, nikainamia kukunja ile kanga. Kapanda kitandani naye, kageukia ukutani. Chakula kakataa.

Jumatatu, 11 Agosti 1958

Nimemkuta Sichana na shavu la rangi ya halua. Na mto. Na viganja vyote viwili. Rangi inatoka! Nimemsugua kwa ndimu, kwa sabuni ya kufulia, wapi. Mkadam atamwambia kadhi mwanamke huyu anapika watoto.

Nshavaa buibui. Naandika nimesimama. Sichana yuko nyuma ya pazia na mtoto wake, anamnong'oneza. Nimesikia: ukiulizwa usiogope, sema unalotaka wewe, hata wakinuna. Yarabi toba. Nilifungua mdomo nimuulize, na wewe utasema nini, mwanangu? Nikaufunga.

Hodi. Mkadam huyo, kwa kikohozi tu namjua.

Sichana katoka. Kanipa mtoto nimshike, avae viatu. Kasema, mshike kiunoni mama, usimguse usoni, macho bado mabichi.

Nimemshika kiunoni. Mkadam anagonga mara ya pili. Naweka kalamu.