Komeo la Kushoto

14 Machi

Mdogo wangu,

Bunduki ya baba nimeipoteza tarehe 27 Februari, saa kumi na mbili na robo asubuhi. Haikuibwa. Ilifyatuka vibaya, ikampiga Mluzi pajani, na sasa iko kwa mkaguzi wa silaha, imefungwa kibandiko kama maiti.

Kabla sijaendelea, hamjambo huko? Shemeji na watoto wazima? Sisi wazima, ukiondoa hilo. Mluzi unamkumbuka, mfuata nyayo wangu wa miaka kumi na moja, yule ambaye kila akiinama kukagua alama hupiga mluzi nijue aliko. Mguu hawajaukata. Kutembea, tutaona.

Nimemwambia mkaguzi kwamba mtutu una kutu. Sitaki kukulaumu, lakini nakulaumu. Novemba nilikaa saa saba kwenye basi kukuletea bunduki hiyo. Ukakaa nayo siku mbili karakanani, ukagonga mhuri kuwa iko salama. Miezi mitatu baadaye ndiyo hii. Mimi sikusoma, ekari arobaini nimezipata kwa mikono, na kila mashine niliyo nayo naijua hadi nati ya mwisho. Fundi wa namna yako shambani kwangu asingemaliza wiki.

Nguruwe pori hawajui kama tuna msiba. Wamelaza ekari tatu za mahindi, na majirani sita wananisubiri mimi. Kwa hiyo nitafutie nyingine hapo mjini. Iwe ya chuma kisichoshika kutu, mtutu na lile komeo la kusukumia risasi, vyote. Kitako kiwe cha plastiki ngumu, mbao huvimba kwa mvua. Uzito usizidi kilo tatu na nusu pamoja na darubini. Bei iwe ya kati: ya rahisi nitainunua mara mbili, ya ghali nitaogopa kuitoa nje. Na komeo liwe upande wa kushoto, kama lipo.

Ni mimi, kaka yako mkubwa.

2 Aprili

Shikamoo kaka,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji. Kwangu watoto wanakohoa tu, homa hakuna. Mpe Mluzi pole yangu.

Bunduki nimetafuta. Kwa bei hiyo ziko tatu za kuzungumzia. Ya kwanza ina kilo mbili na gramu mia tisa, nyepesi kubeba, ila inapiga bega kama punda. Ya pili ina kilo tatu na mia mbili pamoja na darubini, kifyatulio unakirekebisha mwenyewe, na kwa mita mia inaweka risasi tatu ndani ya sentimita tatu. Ya tatu inang'aa, wateja wanaipenda, lakini kifuko chake cha risasi ni chepesi, kitapasuka siku unayokihitaji. Ningekuwa wewe ningechukua ya pili. Ila usidanganyike na jina la chuma hicho. Nacho kinashika kutu ukikitelekeza, kinachelewa tu.

Sasa jingine. Mkaguzi alikuja, akachukua mhuri wangu. Mpaka kamati ikae siruhusiwi kutengeneza bunduki ya mtu. Wiki hii nimenoa visu vya wachinjaji kumi na wanne.

Alinionyesha bunduki ya baba. Kaka, kutu ile iko nje tu, bado ina rangi ya chungwa, ni changa, kazi ya siku tatu au nne tu. Ndani ya mtutu ni safi. Kifyatulio nimekivuta mara hamsini mbele yake, hakikuteleza hata mara moja. Kutu hiyo ilitoka wapi?

Na komeo la kushoto ni la nani? Wewe ni mtu wa kulia tangu mama akuzae. Unakula kwa kulia, unaandika kwa kulia, na makofi yote uliyonipiga utotoni yalitoka kulia.

Ni mimi, mdogo wako.

9 Aprili

Ya pili. Komeo la kushoto. Mengine usiulize.

Kaka.

26 Aprili

Shikamoo kaka,

Habari za siku nyingi. Sisi hatujambo.

Bunduki imefika. Nimeishika, ni nzuri. Lakini haiwezi kutoka dukani bila mhuri wa fundi, na fundi ni mimi, na mhuri umekaliwa na kutu ile. Kamati inakaa tarehe 3 Juni. Unaona jinsi tulivyofungana kamba moja.

Siulizi mengine. Nauliza lilelile.

Mdogo wako.

17 Mei

Mdogo wangu,

Salamu kwa wote nyumbani. Sitauliza afya zenu kwa urefu, maana nikianza hayo nitapata pa kujificha. Barua hii nimeianza mara nne.

Jicho langu la kulia limekufa katikati. Pembeni naona hata nzi ukutani, ila nikikodolea kitu, chenyewe kinafutika, kama mtu kaweka dole gumba kwenye kioo. Ni mwaka wa pili huu. Nimejizoeza kumtazama mtu sikio badala ya uso. Wanadhani nimeanza kujivuna.

Asubuhi ile ilikuwa mita sitini. Niliona kitu cha kahawia kwenye mahindi. Mluzi nikausikia, nikajiambia umetokea kulia. Nikafyatua. Nilipokuwa namfunga paja kwa shati langu nilikuwa nimeshaanza kutunga.

Mkaguzi aliahidi kuja baada ya siku nne. Nikaipangusa bunduki mafuta yote, nikaimwagia maji ya chumvi, nikaiegemeza nyuma ya banda. Ile bunduki ambayo baba alikuwa anaifuta kabla hajanawa mwenyewe. Nilikuwa naenda kuichungulia kila baada ya saa chache, kama mtu anayesubiri mkate uumuke. Na wewe sikukufikiria. Sikukumbuka kwamba mhuri ni wako mpaka mkaguzi alipousoma kwa sauti. Halafu badala ya kuona haya nikakaa chini nikakuandikia matusi.

Hilo si baya kuliko yote. Mluzi nilimwambia hakupiga mluzi. Juzi nilimpelekea maziwa nyumbani. Mguu kaunyoosha juu ya kiti. Akanishika mkono, akasema, "Bosi, nisamehe. Miaka kumi na moja, sijui siku hiyo nilisahauje." Nikamwambia yameshapita. Nilimsamehe, mdogo wangu. Mimi ndiye niliyemsamehe.

Nikisema ni jicho, kibali cha bunduki kinakwenda, na wale majirani sita watajua walikuwa wanamwita kipofu. Kila jioni najifunza kulenga kwa kushoto kwa mpini wa jembe. Nikipata ile ya kushoto nitaanza upya, taratibu, na hakuna atakayejua.

Ukishasoma, ichome.

Kaka yako.

24 Mei

Shikamoo kaka,

Barua nimeipata. Nimeisoma karakanani, nimefunga mlango. Sijaichoma, wala simpelekei mtu.

Nina langu. Novemba, ulipoleta bunduki, tulikwenda kuijaribu kwenye uwanja wa shabaha. Ulipiga risasi tano kwa mita mia. Matundu yako yalitawanyika sentimita thelathini na moja. Ukasema kahawa ya kwenye basi imekutetemesha, ukacheka, nami nikacheka. Nikachukua bunduki hiyohiyo, nikapiga tano, zikakaa ndani ya sentimita nne. Bunduki haikuwa na tatizo. Nilijua palepale tatizo liko wapi. Sheria inataka karatasi zote mbili za shabaha, ya mwenye bunduki na ya fundi, ziambatane na cheti. Yangu nikaambatanisha. Yako nikaikunja, nikaitia mfukoni.

Ningekwambiaje? Kaka mkubwa, uliyenilipia ufundi, uliyeninunulia tupa ya kwanza. Nimwambie mtu kama huyo, "Kaka, huoni"? Nikaona bora heshima. Heshima hiyo ndiyo iliyokuwa mita sitini kutoka kwa Mluzi. Unapojilaumu kwa ajili ya mhuri najisikia vibaya zaidi, kwa kuwa mhuri ulistahili kuchukuliwa, ila si kwa sababu uliyoitoa.

Jumatatu tarehe 3 Juni, saa nne asubuhi, nitasimama mbele ya kamati na kuwapa karatasi ya pili. Wakiniuliza ni ya nani, nitajibu. Huenda nisirudishiwe kazi. Hayo nitayafanya ukija au usipokuja. Lakini maji ya chumvi na yale uliyomwambia Mluzi si yangu kuyasema, na sitayasema.

Ile bunduki nimeirudisha kwenye rafu ya duka. Usinikasirikie, au nikasirikie, vyote sawa.

Nataka neno moja tu kutoka kwako, bila habari za mvua wala nguruwe. Utakwenda kwa Mluzi kumwambia, kisha uje hapa useme mwenyewe? Ndiyo au hapana. Piga simu duka la mwenye nyumba wangu, nitakuwa nimekaa pale kaunta Ijumaa tarehe 31, kuanzia saa tisa. Wanafunga saa kumi na moja jioni.

Mdogo wako.