Saa Nne Ipi?

Jumatatu, 3 Machi

Nimeondolewa kwenye mashine ya kukata karatasi. Miaka kumi na moja kiwandani, na leo nimekaa meza ya kufunga vifurushi, gundi hadi kwenye viwiko.

Kosa ni langu. Ijumaa, saa nane mchana, nilisinzia nimesimama. Mrefu, mwenzangu wa mashine, anasema macho yalikuwa wazi kabisa, kama samaki. Nikaligeuza rundo upande usio wake, nikabonyeza vitufe viwili, kisu kikashuka. Kitabu cha hesabu, na namba zote za kurasa zimekwenda pipani!

Msimamizi hakunigombeza. Ingekuwa afadhali. Alisema mashine ile inataka mtu aliye macho. Nilete barua ya daktari kabla Aprili haijaisha, la sivyo Mrefu anaichukua moja kwa moja. Mrefu akanipa pole — huku anapandisha kiti. Kiti changu!

Jumanne, 11 Machi

Daktari wa kifua, mama mmoja mpole. Unalala saa ngapi kwa usiku? Saa saba, nikasema, na nikamfungulia daftari: miezi mitatu, kila siku na saa zake. Akalitazama kwa heshima. Unakoroma? Hapana!

Baba watoto akakohoa.

Daktari akamgeukia. Yeye akawa anatazama viatu vyake. "Kidogo," akasema. Kidogo kama nini? "Kama jirani anasogeza kabati." Nilitamani sakafu ipasuke. Akaendelea, sasa hazuiliki: anakoroma, halafu kimya, kimya kabisa, halafu anashtuka kama mtu aliyevutwa kutoka majini. Na akinyamaza wewe unafanya nini, shemeji? "Ndipo nami napata usingizi, daktari."

Daktari akafunga kalamu, akaeleza. Nikilala koo linalegea, njia ya hewa inaziba. Ubongo unanigutusha nipumue, mimi sina habari. Kwa hiyo saa saba zangu zilizoandikwa vizuri ni saa saba za kugutushwa. Nipimwe nyumbani, nikiwa kitandani.

Njiani nilinuna. Tulipofika nikamuuliza kwa nini hakuniambia miaka yote. Kumbe mama mkwe, anayelala chumba cha pili, anaamini anayekoroma ni mwanawe. Miaka sita anamsema: lala ubavu, baba, unamnyima mwenzio usingizi! Na yeye anaitikia tu, ndiyo mama. Nilianza kucheka, nikaishia kulia.

Ijumaa, 14 Machi

Jana nililala nimefungwa mkanda kifuani, mrija puani, kibanio kidoleni. Mama mkwe alichungulia: "Wamemfunga kama betri ya gari!" Kifaa kilipangwa kujiwasha chenyewe kwa saa nilizojaza kwenye fomu. Saa kumi na moja nikaamka, nikakivua, nikakitundika msumarini. Wakati wa chakula cha mchana nikakirudisha.

Jioni simu. Dada wa vipimo.

"Dada yangu, kwa kipimo hiki wewe umekata roho tangu alfajiri."

Kulala nilikuwa nimeandika 4:00, kuamka 11:00. Kwangu ni saa nne usiku hadi saa kumi na moja alfajiri — kuna saa nne nyingine ya kulala? Yeye akaingiza hivyohivyo kwenye kompyuta, ambako 4:00 ni saa kumi alfajiri. Nikamuuliza hakushangaa? "Nilijua unafanya kazi za usiku!" Basi kifaa kilinipima saa moja tu. Saa sita zilizobaki kilipima msumari.

Mimi! Ninayeandika kila kitu!

Saa moja haitoshi kwa daktari, lazima nirudie. Foleni hadi tarehe mbili Aprili. Lakini kabla hajakata simu alishusha sauti: katika ile saa moja, pumzi yangu ilikatika mara arobaini na moja.

Alhamisi, 3 Aprili

Safari hii nilijaza: saa nne USIKU, yaani 22:00. Nikapiga mstari chini. Dada wa vipimo akapiga wa pili.

Majibu: mara thelathini na nane kwa kila saa. Zisizozidi tano ndiyo kawaida. Kimya kirefu kuliko vyote, sekunde hamsini na mbili. Daktari anasema ni hali kali.

Nami nilitaka kumkumbatia! Si uvivu. Si uzee. Si "umeanza kujisahau," kama msimamizi alivyosema. Nikampigia baba watoto kutoka kwenye korido: "Ninaumwa! Ninaumwa kweli!" Watu wakageuka. Yeye akasema hongera, kisha akaomba radhi.

Jumatano, 9 Aprili

Nimeazimwa mashine ya hewa. Inasukuma hewa kupitia barakoa ili koo lisizibe. Usiku wa kwanza barakoa ilivuja, ikapiga mluzi. Baba watoto: "Ninalala na rubani." Usiku wa pili niliitupa saa tisa. Leo nimeirudisha, nimepewa ndogo zaidi ya pua tu. Siku ishirini na moja zimebaki.

Jumapili, 13 Aprili

NIMEAMKA.

Sijui kuandika vinginevyo. Kabla ya kengele. Kichwa chepesi. Sikwenda msalani hata mara moja — nilizoea mara tatu. Na niliota! Ndoto ndefu ya kipuuzi, nafundisha mbuzi kuendesha baiskeli. Miaka sijaota.

Mama mkwe alitoka chumbani anasugua macho. Alikuwa amechelewa kuamka, hajawahi. "Baba, leo hukukoroma," akamwambia mwanawe. Baba watoto akanitazama. Nikasema: mama, aliyekuwa akikoroma ni mimi. Miaka yote.

Akakaa. Halafu: "Na mimi nilivyomsimanga mtoto wa watu!" Mtoto wa watu! Wake mwenyewe! Tulicheka watatu mpaka chai ikapoa.

Jumatatu, 28 Aprili

Dada wa vipimo amesoma kadi ya kumbukumbu ya mashine ya hewa. Kila usiku nimeivaa. Kutoka thelathini na nane hadi mbili. Mbili! Barua ninayo, ina muhuri. Nimeisoma mara tano, na mara ya sita kwa sauti.

Jumatano, 30 Aprili

Naandika nimesimama, nimeegemea meza ya mashine. Saa nane na nusu mchana.

Msimamizi alisoma barua asubuhi. Nzuri, akasema, lakini kisu hakisomi barua. Nikate mbele yake, saa ileile, vitabu vilevile. Marundo manne yakitoka sawa, atasaini nirudi. Mrefu akakunja mikono. Nikashusha kiti kwanza.

Rundo la kwanza, msimamizi alipima kwa rula mwenyewe. Sawa. La pili, sawa. La tatu alipima akiwa amekaa kwenye stuli. Joto, tumbo limeshiba, feni inazunguka polepole. La nne nimemaliza sasa hivi. Kingo kama kioo, namba zote zipo! Mrefu mwenyewe amepima, akashusha pumzi, akasema, "Basi, mama. Kaa kwako."

Nikageuka ili msimamizi aone. Barua iko gotini, kalamu mkononi, kidevu kifuani. Anakoroma! Mkoromo wa kusogeza kabati. Mrefu amebana mdomo, mabega yanatikisika. Nimemnyooshea kidole: usithubutu kucheka.

Maana sasa mkoromo umekatika.

Nikimwamsha, nimemuumbua mbele ya kiwanda kizima, na saini hajatia. Nisipomwamsha — mimi najua hiki kimya ni nini. Natazama kifua chake na saa ya ukutani. Sekunde kumi na mbili. Kumi na nane. Shati halisogei. Mrefu hacheki tena. Ishirini na tano, na mkono wangu wa kushoto tayari uko juu ya bega lake: saini baadaye, namwamsha!