Sifuri ya Mtopanga

Jumatatu, 12 Mei 2025

Wanafunzi thelathini na mmoja, viti ishirini na sita. Takwimu saa mbili asubuhi, nusu yao wanapiga miayo. Nimeamua mwaka huu nisiwafundishe wastani kwa bei za nyanya za kitabuni. Watoke, wakusanye namba zao wenyewe. Swali moja tu: kutoka sifuri mpaka kumi, una furaha kiasi gani na maisha yako? Kila mwanafunzi nyumba kumi — Kisauni, Mtopanga, Kiembeni. Majina yasiandikwe. Nikawaapia kwamba hakuna atakayejua nani kajibu nini, hata mimi.

Asmaa, yule wa mstari wa mbele asiyeniacha nipumue, akauliza mwalimu mwenyewe ana ngapi. Nikaandika nane ubaoni. Wakapiga makofi.

Nane! Wallahi sijui niliitoa wapi.

Jumatano, 14 Mei

Fomu zimerudi. Kumi, kumi, tisa, kumi, kumi. Wastani tisa nukta tatu. Yaani mitaa hii, ambayo maji ya mfereji hutoka siku mbili kwa wiki, ndiyo yenye watu wa furaha kuliko dunia nzima. Nilicheka peke yangu ofisini, kisha kicheko kikaniishia.

Kosa ni langu. Niliwaambia wapige hodi, wasalimie vizuri, ndipo waulize. Sasa nani wa huku ataamkiwa, aulizwe hali, aulizwe na wa nyumbani, halafu swali la furaha alijibu tatu? Swali limeingia ndani ya salamu. Mtu katoka makaburini asubuhi hii hii, ukimuuliza hali atakwambia njema, alhamdulillah. Wameniletea alhamdulillah karibu mia tatu, zimeandikwa kwa tarakimu. Miaka kumi na moja nafundisha kupima watu na hili sikuliona.

Fomu za mtu mmoja tu ndizo tofauti. Lynnette, aliyekuja kutoka bara mwezi wa kwanza. Nne, sita, tatu, saba. Na sifuri moja. Asmaa anasema amezipika chini ya mti. Darasa zima linataka ile sifuri ifutwe, eti inaharibu mchoro.

Kusema kweli na mimi nilidhani amezipika.

Alhamisi, 15 Mei

Nimemwita Lynnette ofisini. Alikuja amenuna. "Madam, mimi hizo salamu zenu ndefu sizijui. Naingia, nasema hamjambo, nakaa. Nikiona mtu ana kazi namsaidia. Swali nauliza mwisho." Yule wa sifuri, akasema, ni shosho mmoja, bibi mzee wa Mtopanga. Alikaa naye saa mbili, wakachambua mchele pamoja. Shosho hakujibu mpaka Lynnette aliposimama kuaga. Alimwambia hajashuka chini tangu Idi, ngazi zinateleza na mvua hizi na magoti hayamtaki tena.

Akaniachia fomu, akatoka.

Mwanamke. Miaka sabini na moja. Mtopanga, ghorofa ya tatu. Watu nyumbani: wawili. Anaishi na: binti yake, mwalimu. Furaha: 0. Na chini, penye maoni, Lynnette ameandika maneno kama alivyoyasikia: Huku sina mwendani.

Mwendani, rafiki wa moyoni. Nimeisoma mara nne. Halafu nikajifungia choo cha walimu, nikafungua bomba ili wasinisikie.

Mama yangu.

Ijumaa, 16 Mei

Darasani wamerudia tena: mwalimu, ifute. Nikawaambia namba ikijitenga na wenzake huifuti, unaiuliza kwanza imetoka wapi. Asmaa akasema basi tumuulize. Nikasema haiwezekani, tuliahidi. Nikageukia ubao, nikajifanya nakohoa chaki. Sifuri imebaki ubaoni.

Nimerudi nyumbani. Mama kapika wali wa nazi na samaki wa kupaka. Nikamwamkia, nikamuuliza hali.

"Alhamdulillah, mwanangu. Nawa mikono."

Nikanawa mikono. Nikala. Sikuuliza kitu. Niliapa, najiambia, nimefungwa na kiapo. Uongo. Kiapo nimekigeuza pazia, nimejificha nyuma yake.

Miaka miwili tangu nyumba ya Mji wa Kale iuzwe na warithi wagawane. Kule alikuwa akikaa barazani, hapiti mtu asiyemwamkia, na Bi Mwanasaumu wa mlango wa pili akija na kahawa ya buni kila alasiri. Ghorofa hii niliichagua mimi. Ina upepo, nilimwambia. Ina vigae. Akasema alhamdulillah. Ndugu yangu Anwar alipouliza kwa simu kama mama yuko sawa, nikamjibu yuko sawa kabisa, muulize mwenyewe. Na kila jioni nilimuuliza hali huku funguo ziko mkononi na nusu ya mwili imeshaingia chumbani. Nikapewa jibu, nikaridhika nalo.

Miaka miwili nakusanya data mbovu nyumbani kwangu. Mimi, mwalimu wa takwimu. Najichukia.

Jumamosi, 17 Mei

Mvua tangu alfajiri. Nimempigia dalali mmoja simu kuhusu nyumba ya kupanga ya chini, isiyo na ngazi, hakupokea.

Saa kumi alasiri sasa. Nilikuwa nimekaa chumbani na shajara hii wazi, Mama akaniita. Nikaitika abee. Akaja mwenyewe, mkono mmoja ameshika ukuta, wa pili kikombe cha chai.

"Yule msichana wa bara aliyekuja na makaratasi," akasema. "Ni mwanafunzi wako?"

Sikuweza kumdanganya. Nikasema ndiye.

Akatazama mvua dirishani. "Basi ushaiona."

Nilingoja alie, au anilaumu, au aseme alitania tu. Hakufanya hata moja. Alivuta kile kiti cha plastiki, akakaa pale pale mlangoni, akakunja leso yake magotini.

"Na yako wewe ni ngapi, Jalila? Usinambie alhamdulillah."

Nimemwambia nasahihisha kazi za wanafunzi, anisubiri kidogo. Hakuna kazi yoyote mezani. Ipo shajara hii tu na kalamu, na yeye hata kwa mbali anaona vizuri. Naandika ili mkono usisimame. Ile nane ya ubaoni haipo kichwani tena, na iliyopo siwezi hata kuiandika hapa, ambapo hakuna atakayesoma.

Bado amekaa. Chai yake inapoa. Anangoja namba yangu.