Washenga Waliokwama Uani

Mama yangu,

Shikamoo, na Baba pia. Goti lake linaendeleaje? Mvua za huko Tukuyu zimeacha kuwaonea? Mimi ni mzima hapa Tabora, nanenepa kwa asali, na leo ninayo ile habari unayoniuliza kila nikipiga simu.

Jumamosi tulikwenda Urambo kumposa Nyamizi, yule mwalimu wa chekechea niliyewaambia habari zake. Mshenga alikuwa tajiri yangu, Mzee Maganga, muuza mbolea. Muoaji hatakiwi kuwepo, kwa hiyo mimi nilikwenda kama dereva.

Shida ilikuwa gari. Ni la dizeli, la kisasa, lina tangi dogo la maji ya yurea ya kusafisha moshi. Maji yalipokwisha Mzee alicheka. "Nauza yurea miaka yote hii, leo nikanunue ya dumu?" Akakoroga mbolea ya shambani kwenye ndoo, akamimina. Gari halikubishana. Liliandika tu kwenye dashibodi idadi ya kilomita zilizobaki, na kwamba zikiisha, ukilizima haliwaki tena. Zikaisha kabla ya Urambo. Basi katika njia ile ya zamani ya misafara ya kwenda Ujiji, hatukulizima hata tuliposhuka kunywa chai.

Tukaingia uani kwa wakwe likinguruma. Bibi yake Nyamizi akatoka na fimbo. "Mmekuja kuposa au kusaga mahindi? Zima hilo." Nikazima.

Posa ikapokelewa vizuri, na jibu likawa la desturi: nendeni, tutafikiri, mrudi siku nyingine. Mzee akaaga, akapanda. Gari kimya. Akashuka, akaaga tena. Kimya. Jikoni wakaanza kucheka. Nikafungua boneti na baba mkwe, tukakuta nozeli inayopulizia maji yale kwenye moshi imeziba kwa chumvi ya mbolea. Nikasema bila yurea halisi na maji ya moto tutalala hapa. Akachinjwa kuku wa pili.

Mwisho bibi akasema, "Desturi inataka waende, warudi. Haikusema waende mpaka wapi. Hebu fikeni barabarani."

Tukaenda. Lori la Kigoma lilikuwa limesimama, dereva anakula mihogo. Nikamweleza. Akamtazama Mzee sana. "Baba, gari halioti majani," akasema, kisha akatugawia dumu la yurea yake na maji ya betri ya kusuuzia.

"Hodi," Mzee akaita tuliporudi uani.

"Karibuni, mmepotea sana," akajibu bibi. "Tumeshafikiri. Tumekubali." Akanigeukia. "Na wewe unayejiita dereva, Nyamizi amekuchemshia maji."

Tukamwaga ile supu ya mbolea ya Mzee, tukasuuza tangi, nikazibua nozeli, tukajaza. Nikawasha swichi nikasubiri taa itulie. Mara ya kwanza likakataa, ya pili likawaka. Vigelegele vile sijui vilikuwa vya posa au vya injini.

Msalimie shangazi muuza ndizi, na kaka mkubwa, mwambie zamu yake ya kuoa imepitwa. Njooni kwa basi tupange siku. Mzee anasisitiza kuja kuwapokea stendi kwa gari lake. Mkilikuta linanguruma, tafadhali Mama, usimwambie mtu alizime.

Mwanao, mkwe wa Urambo,
Asajile